Barabara Inavyosomeka: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Usanifu wa Barabara Salama

Hapa yamekusanywa maswali ambayo watu huuliza pale mazungumzo ya ajali yanapomwacha dereva na kuigeukia barabara yenyewe. Majibu hayalingani urefu. Mengine yanatosha kwa mistari michache, mengine hayaeleweki mpaka uyafuate hatua kwa hatua.

Aliyekosea ni dereva. Kwa nini mnailaumu barabara?

Dereva aliyelewa ana kesi ya kujibu, barabara iwe nzuri au mbovu. Lakini kuna swali ambalo kesi ile hailigusi: mbona watu wasiofahamiana, wenye magari tofauti na tabia tofauti, wanakosea pale pale, kwenye kona ile ile, mwaka hadi mwaka? Ikifika hapo, tabia ya mtu mmoja haitoshi kuwa maelezo. Kuna kitu mahali hapo kinachowapa watu picha isiyo ya kweli.

Mwaka 1997 bunge la Sweden lilipitisha sera ya kulenga sifuri: hatimaye asiwepo mtu wa kufa wala kuumia vibaya barabarani. Kiini chake ni kwamba binadamu atakosea tu, na msanifu anapaswa kuhakikisha kosa la sekunde moja halilipiwi kwa uhai. Mtumiaji afuate sheria. Asipofuata na watu wakafa, msanifu naye anarudi kwenye mchoro wake. Shirika la Afya Duniani lilikadiria vifo vya barabarani mwaka 2021 kuwa milioni 1.19, na kwa watu wa umri wa miaka 5 hadi 29 hakuna sababu ya kifo iliyoizidi hiyo. Kuwaambia watu wote hao kwamba wangekuwa makini zaidi si mpango.

Kibao kinasema 50. Kwa nini karibu wote wanakwenda 80?

Kwa sababu barabara inawaambia 80. Leni ya upana wa mita 3.6 ni kipimo cha barabara kuu za mwendo wa kasi za Marekani. Gari dogo lina upana wa takriban mita 1.8, kwa hiyo katika leni hiyo linabakiwa na karibu sentimita 90 kila upande. Ongeza kwamba barabara imenyooka, majengo yako mbali, hakuna mti karibu na hakuna gari lililoegeshwa. Mguu unakwenda wenyewe kwenye mafuta. Dereva huyo hajakaidi chochote. Anafuata anachokiona, na kibao amekipita kabla hajakitilia maanani.

Ipunguze leni hadi mita 3, sogeza miti karibu, weka kisiwa katikati, badilisha rangi au umbile la lami mahali makazi yanapoanza, na mwendo utashuka hata siku askari hayupo. Tangu miaka ya 1990 Waholanzi wamekuwa wakijenga kwa wazo la barabara inayojieleza. Kila aina ya barabara ina sura yake, na sura hizo hazichanganywi: ya kupitisha magari kwa kasi haifanani hata kidogo na ya kufikia milango ya nyumba.

Kuna jaribio ambalo halihitaji mashine. Piga picha ya barabara bila kibao, waonyeshe watu kumi, waulize wangeendesha kwa kasi gani. Wakisema 80 na kibao chako ni 50, barabara ndiyo iliyokosewa. Mimi naona kibao kinachobishana na barabara yake ni hasara kuliko kutokuwepo kabisa, kwa kuwa kinawazoesha madereva kudharau na vile vya kweli.

Kwani dereva haangalii spidi kwenye dashibodi?

Huangalia mara moja moja. Muda mwingi anakadiria, na anakadiria kwa vitu vinavyopita pembeni ya macho: nguzo, majani, ukingo, mistari. Vikiwa karibu, vinakimbia na dereva anahisi kasi. Vikiwa mbali, gari linaonekana kama linatambaa. Sauti ya injini na mtetemo navyo humsaidia, na hivyo ndivyo gari la kisasa lilivyomwondolea.

Halafu kuna mazoea. Aliyekaa nusu saa kwenye kilomita 110 kwa saa akatoka kuingia mjini, akipunguza hadi 70 anajiona kama amesimama. Ndiyo maana mwisho wa barabara kuu ni mahali pabaya pa kuweka makutano ya ghafla. Tiba mojawapo ni mistari inayokata barabara kwa upana, ikisogeleana kadiri hatari inavyokaribia. Dereva asipopunguza, mistari humjia kwa haraka zaidi na zaidi, akahisi kama gari linaongeza mwendo, naye akagusa breki. Chicago waliichora hivyo mwaka 2006 kwenye kona kali ya Lake Shore Drive. Ni udanganyifu, ndiyo, ila unamdanganya mtu kuelekea upande wa uzima.

Dereva akisema "sikumwona", si anajitetea tu?

Mara nyingi anasema kweli, na hilo ndilo linalotisha.

Jicho huona kwa ukali sehemu ndogo sana katikati. Kinachobaki ni ukungu ambao ubongo huujaza kwa kumbukumbu na matarajio. Tena jicho linaporuka kutoka upande mmoja hadi mwingine, wakati wa mruko wenyewe mtu haoni kitu cha maana. Dereva anayetupa jicho kushoto kisha kulia kwa haraka ameruka juu ya kipande kizima cha barabara, na pikipiki inatosha kukaa ndani ya kipande hicho.

Hata kilichoangukia ndani ya jicho si lazima kitambuliwe. Mwaka 1999 watafiti Daniel Simons na Christopher Chabris waliwaonyesha watu video ya wachezaji wanaopasiana mpira, wakawaambia wahesabu pasi. Katikati ya mchezo alipita mtu aliyevaa vazi la sokwe. Karibu nusu ya watazamaji hawakumwona. Dereva anayetafuta magari huona magari. Baiskeli ambayo hakuitarajia anaweza kuitazama usoni asiione.

Pikipiki ina shida yake ya pekee. Tunakadiria muda wa kitu kufika kwa namna kinavyokua machoni, na kitu chembamba hukua kidogo sana mpaka kiwe kimefika. Kwa hiyo dereva anayengoja kuingia barabarani huona lori na pikipiki vilivyo kwenye umbali mmoja na kasi moja, akasubiri lori lipite lakini akajitosa mbele ya pikipiki.

Na kuna ajali za mahali peupe kabisa, njia panda katikati ya tambarare, hakuna nyumba wala kichaka, watu wakabaki kuuliza waligonganaje. Magari mawili yakija kwa pembe mraba na kila moja likishika mwendo wake, yakiwa njiani kugongana, kila dereva humwona mwenzake katika pembe ile ile ya kioo bila kusogea. Jicho hushtushwa na kitu kinachosogea. Kisichosogea hulala, na kikidondokea nyuma ya nguzo ya kioo cha mbele kinaweza kujificha huko sekunde kadhaa. Mahali kama hapo kuongeza uwazi hakusaidii. Kinachosaidia ni kuivunja ile njia panda iwe makutano mawili ya T yaliyoachana, au kuweka mzunguko.

Mizunguko inasifiwa sana. Ina nini?

Makutano ya kawaida ya njia nne, leni moja kila upande, yana sehemu 32 ambapo njia za magari zinaweza kukatana, kuungana au kuachana. Mzunguko, au keepi lefti kama wengi wasemavyo, unazo 8. Hesabu hiyo hurudiwa sana, ila kwangu si ndiyo siri kubwa. Siri ni kwamba mzunguko haumwombi dereva awe na busara. Kile kisiwa kimekaa mbele yake, asipokunja atakipanda. Akikunja amepungua mwendo, na akikosea atamgusa mwenzake kwa ubavu badala ya kumpasua katikati ya mlango. Tafiti za Marekani za makutano yaliyobadilishwa kuwa mizunguko zimeonyesha ajali zenye majeruhi zikipungua kwa takriban robo tatu.

Mzunguko wa zamani ulikuwa unajikaba wenyewe kwa sababu anayeingia alipewa nafasi. Uingereza iliweka kanuni ya anayeingia kumpisha aliye ndani mwaka 1966, na tangu hapo ukawa chombo kingine. Usiuchukue kama dawa ya kila kitu: wa leni mbili au tatu huwasumbua waendesha baiskeli, na asiyeona, ambaye hutegemea kusikia magari yakisimama, hapati ukimya wa kumwambia avuke.

Tofauti ya 30 na 50 ni kubwa kiasi cha kugombania?

Tuihesabu. Mtoto anatoka ghafla mita 18 mbele ya gari. Tuchukulie dereva anahitaji sekunde 1.5 tangu kuona hadi kukanyaga breki, lami ni kavu na breki ni nzuri.

Kwa kilomita 30 kwa saa, gari linakwenda takriban mita 12.5 kabla breki hazijaguswa, kisha mita 5 hivi za kusimama. Jumla 17.5. Mtoto ameshtuka, dereva anatetemeka, kila mtu anakwenda nyumbani.

Kwa kilomita 50 kwa saa, gari linakwenda karibu mita 21 kabla mguu haujafika kwenye breki. Mtoto alikuwa mita 18. Amegongwa kwa mwendo wote wa 50, bila breki hata kidogo.

Watu hudhani aliyekuwa na 50 angegonga "kidogo tu" kwa vile tofauti ni 20. Nguvu ya mgongano hukua kwa kipeo cha pili cha mwendo: kutoka 30 hadi 50 imekaribia kuwa mara tatu. Mwili wa binadamu haukubadilika tangu magari yalipobuniwa.

Watu wanavuka popote wapendapo. Tuwawekee uzio na daraja la juu?

Kwanza angalia ardhi. Palipo na kijia kilichokanyagwa hadi majani yakafa, pana maelfu ya watu waliokwisha piga kura kwa miguu yao. Mara nyingi kijia hicho kinaunganisha kituo cha basi na mlango, soko na makazi, shule na upande wa pili. Zebra iliyochorwa mita 200 kutoka hapo imechorwa kwa ajili ya mchoraji.

Daraja la juu lina sifa ya kumwondoa mtu njiani pa magari, ila linamtoza ngazi za kupanda na za kushuka ili gari lisipoteze sekunde kumi. Mwenye mzigo, mzee, mjamzito, mwenye kiti cha magurudumu, wote huangalia lile daraja kisha huangalia barabara. Kwenye barabara kuu ya kasi daraja ni la lazima. Mtaani, kwa maoni yangu, mara nyingi ni ishara kwamba mpangaji alimfikiria gari kwanza.

Kinachofanya kazi mtaani ni vitu vya kawaida. Kisiwa cha katikati humruhusu mvukaji ashughulike na upande mmoja kwa wakati, akapumzika, kisha upande wa pili. Ukingo ukisogezwa ndani penye kivuko, umbali wa kuvuka hupungua na mvukaji huonekana kabla hajashuka. Kivuko kilichoinuliwa hadi usawa wa njia ya miguu hugeuza mambo: gari ndilo linalopanda kuingia eneo la watu. Na zebra tupu, bila kisiwa wala mwinuko, kwenye barabara pana ya leni nyingi, ni hatari kuliko inavyoonekana. Gari la leni ya kwanza linasimama kwa heshima, linamficha mvukaji, na la leni ya pili linampata.

Kuhusu uzio: unaweza kumwongoza mtu, lakini akiuruka anajikuta amenaswa upande wa magari.

Watoto hawawezi kufundishwa kuvuka vizuri?

Wafundishwe, lakini kuna mambo ambayo mafunzo hayayaharakishi. Utafiti wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2011 ulionyesha kwamba watoto wa shule ya msingi hawawezi kutambua kwa uhakika kuwa gari linawajia, likiwa kwenye kasi ya zaidi ya takriban kilomita 32 kwa saa na bado sekunde kadhaa lifike. Si utundu. Mfumo wao wa kuona bado unakua. Kando ya shule, basi, gari ndilo linalopaswa kulingana na mtoto.

Piga magoti pembeni ya barabara, kwenye kimo chao, uangalie. Kichaka ambacho wewe unakipita kwa macho, kwao ni ukuta.

Usiku kunabadilika nini?

Kwa kilomita 80 kwa saa, kwa hesabu ile ile ya juu, gari linahitaji karibu mita 70 kusimama. Mtu aliyevaa nguo nyeusi, mbele ya taa za chini, mara nyingi haonekani hadi gari liwe chini ya mita 50. Maana yake dereva anaendesha kuelekea kwenye giza ambalo hawezi kusimama ndani yake. Na mwenda kwa miguu hajui. Yeye anaziona taa waziwazi, akadhani kama anaona basi anaonekana.

Viakisi mwanga husaidia, na mahali pa kuvivaa pana maana: kwenye vifundo vya miguu na mikono kuliko kifuani. Ubongo hutambua mwendo wa binadamu anayetembea hata ukionyeshwa vinukta vichache tu vinavyocheza. Kiakisi cha kifuani kinaweza kuwa kibao, ndoo au mtu. Cha mguuni kinatembea.

Kwa barabara yenyewe, mistari inayoakisi na vile vijicho vya katikati ya lami humwonyesha dereva kona kabla taa hazijaifikia. Vijicho hivyo alivibuni Mwingereza Percy Shaw, akavisajilia hataza (haki ya uvumbuzi) katika miaka ya 1930. Mtego ni kwamba kona ikishaonekana vizuri, wengine huikimbilia.

Matuta je?

Arthur Holly Compton, mshindi wa tuzo ya Nobel ya fizikia ya 1927, alibuni matuta ya kupunguza mwendo mwaka 1953 alipochoshwa na kasi ya magari chuoni kwake St. Louis. Hata mwanafizikia alifika kwenye tuta.

Tuta zuri ni refu na la mviringo, limechorwa, linaonekana usiku, na limepangwa na mengine kwa umbali unaofanya isiwe na faida kukanyaga mafuta katikati. Tuta moja lenye ncha, lisilo na rangi, mwishoni mwa mteremko, huvunja springi na migongo na kuangusha pikipiki. Gari la wagonjwa nalo hulipita lile lile. Vijituta vidogo vya mfululizo, vile vinavyoitwa rasta, vina kazi nyingine: humwamsha dereva kwa mtetemo na kelele. Vinafaa kabla ya hatari, na vinafaa sana ukingoni mwa barabara ndefu ambapo usingizi huua. Karibu na nyumba za watu, kelele yake haivumiliki.

Na kosa likishatokea, gari likaacha njia?

Hapo ndipo kilichoko pembeni huamua. Nguzo ya zege, mti mnene, mtaro wenye kingo wima, ncha ya chuma ya kizuizi iliyoelekezwa kwa dereva: kila kimoja hugeuza usingizi wa sekunde mbili kuwa msiba. Kuanzia 1998 Sweden ilichukua barabara pana za njia mbili ikazipaka upya kuwa za leni tatu, mbili upande mmoja na moja upande wa pili, zikibadilishana kila baada ya kilomita chache, na katikati kizuizi cha nyaya. Vifo kwenye barabara hizo vilishuka sana, kwa vile ajali ya uso kwa uso karibu haiwezekani tena. Madereva walikuwa wale wale.

Ni kweli kwamba kuondoa alama zote huongeza usalama?

Mhandisi Mholanzi Hans Monderman, aliyefariki 2008, ndiye aliyelitangaza wazo hilo. Mjini Drachten makutano makubwa yenye taa yalibomolewa mwanzoni mwa miaka ya 2000, pakawekwa mzunguko ndani ya uwanja wenye alama chache mno. Watu walilazimika kutazamana machoni. Monderman alizoea kuingia barabarani hapo akitembea kinyumenyume mbele ya wageni kuonyesha kwamba magari yatampisha.

Yalimpisha. Lakini kutazamana machoni kunahitaji macho. Asiyeona alipoteza ukingo aliokuwa akiufuata kwa fimbo, na mwaka 2018 serikali ya Uingereza iliziomba mamlaka za England zisimamishe kwanza miradi mipya ya aina hiyo isiyo na ukingo. Jambo hili linafaa penye mwendo mdogo na waenda kwa miguu wengi. Kwenye barabara ya kasi, kufuta alama ni uzembe tu.

Barabara ikiwa salama zaidi, watu hawataongeza fujo?

Wengine wataongeza. Tarehe 3 Septemba 1967 Sweden nzima ilihama kutoka kuendesha kushoto kwenda kulia. Ajali zilipungua kwa sababu kila mtu alikuwa na hofu na umakini, na hofu ilipokwisha ajali zikarudi. Lami mpya kwenye barabara yenye mashimo hufanya hivyo hivyo kinyume chake: mashimo yalikuwa matuta ya bure. Kwa hiyo anayeweka lami aweke na vizuizi vya mwendo siku hiyo hiyo, asisubiri msiba wa kwanza.

Wasiotofautisha rangi wanaendeshaje kwenye taa?

Kwa nafasi. Takriban mwanamume mmoja kati ya 12 hutofautisha nyekundu na kijani kwa shida, na nyekundu kuwa juu siku zote humtosha. Ndiyo faida ya kutobadilisha mpangilio kwa ajili ya mapambo.

Nitajuaje mahali ni pa hatari kabla mtu hajafa?

Kaa hapo saa moja. Hesabu breki za ghafla, honi za hasira, wavukaji wanaorudi nyuma mbio. Watafiti wa Sweden waliigeuza kazi hii ya kuhesabu ajali zilizokoswakoswa kuwa njia rasmi ya upimaji, kwa sababu huwa nyingi kuliko ajali zenyewe na hazimgharimu mtu. Tazama alama nyeusi za matairi na zinaanzia wapi, vipande vya taa vilivyosagika, ukingo uliochunika upande mmoja, kizuizi kilichopinda, vijia vya kwenye majani. Rudi usiku, na rudi tena mvua ikinyesha. Pita mara moja kwa gari kutoka kila upande na mara moja kwa miguu ukiwa na mzigo. Andika saa, upande na ulichokiona, piga picha kutoka kimo cha dereva na kimo cha mtoto, na upeleke vyote kwa wanaosimamia barabara hiyo. Mwandishi wa "barabara hii ni mbaya" hujibiwa kwamba bajeti haitoshi. Aliyeandika kwamba magari manane kati ya kumi na mawili yalifunga breki baada ya zebra badala ya kabla yake ameshawapa sehemu ya kuanzia.